Mwalimu na Damu ya Wanangu

Ukimwamkia Mwalimu shikamoo, hakuitikia mara moja. Alikutazama kwanza weupe wa macho, kama mnunuzi anavyomtazama mbuzi, kisha ndiyo aseme, "Marahaba. Huna homa." Hapo salamu imekwisha. Nimefanya naye kazi zaidi ya miaka ishirini na sikumsikia hata siku moja akimuuliza mtu habari za nyumbani.

Alifundisha baiolojia sekondari, karibu na barabara ya lami inayopita Kibiti. Alipostaafu, au alipostaafishwa, maana hilo lilitegemea unamuuliza nani, akawa mtu wa watafiti. Walikuja na magari yao kutoka vyuoni wakitaka damu za wanyama wanaonyonyesha: popo, komba, panya buku, na sange, kile kijanyama chenye pua ndefu kinachokimbia chini ya majani makavu. Yeye ndiye aliyejua sange wanapita njia ipi msituni upande wa Dimani, na popo wa Mbuchi wanalala kwenye mikoko ipi. Mimi nimeishia darasa la saba. Niliosha vizimba, nikalisha wanyama waliokuwa hai, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka niliandika vibandiko vya vichupa vya damu. Ninachokijua nilikiokota hapo.

Nyumba yake ilikuwa Mchukwi, mlango wa tatu kutoka kwangu. Wanafunzi wake wa zamani wanamsifu hadi leo, na majirani wengi wanasema alikuwa mchawi. Hao wote hawakukaa naye jikoni. Mimi nilikaa, na nina jambo langu naye. Nilizaa watoto watatu. Wawili wa kiume walikufa wadogo. Wa tatu, Mwanaidi, yu hai, na mwaka huu alikuwa aolewe na Rajabu, mtoto wa kaka yangu wa Dimani. Katika dunia nzima tulikuwa watu wawili tu tulioijua hatari ya ndoa hiyo, mimi na Mwalimu. Binti yangu nilikuwa sijamwambia.

Ukuta wa jiko la Mwalimu ndio uliokuwa ubao wake. Aliandika kwa mkaa, akafuta kwa kitambaa kilekile cha kushikia sufuria, kwa hiyo chai yake siku zote ilikuwa na masizi. Hakutia sukari. Alisema sukari ni ya watu wanaoogopa majani ya chai.

"Sikiliza, Mama Shabani," alinianzia siku moja nikiwa nasugua vizimba. "Kijidudu kikiingia mwilini, nani anajua?"

"Mwenye mwili."

"Mwenye mwili ni wa mwisho kujua. Wewe ni wa mwisho kujua kila kitu. Kuna chembe moja imeguswa. Hiyo inapiga mbiu, jirani zake wanasikia, wanafunga milango, wanaita askari. Isipopiga mbiu, kijiji kizima kinaliwa kimelala."

Akachora duara ukutani. Hiyo, alisema, ni jeni ya mbiu, maandishi ya kuutengeneza ujumbe ule. Akaiita bibi. Zamani sana, kabla ya ng'ombe na popo na watu kuachana, bibi alinakiliwa kwa makosa, wakawa wawili. Nakala moja ikaendelea na kazi ya zamani. Nyingine haikuwa na kazi, ikabadilika pole pole, ikajifunza kupiga mbiu ya namna nyingine, kwa ugonjwa mwingine. Ikanakiliwa tena. Akachora vitoto, na wajukuu, mpaka ukuta ukajaa hadi kwenye kabati la vyombo. Kati yao alichora vingine akavitia msalaba.

"Hizi zimekufa?" nikauliza.

"Zimekufa na hazijazikwa. Zimo humo humo kwenye damu, maneno yamevurugika, hazisomeki. Magofu. Kila mnyama anayenyonyesha anatembea na magofu yake. Ng'ombe ana ukoo mkubwa wa mbiu hizi. Kakakuona amempoteza mlinzi mmoja kabisa, gofu tupu, na anaishi. Kuna popo ambao mbiu yao haizimi, lakini inapigwa kwa sauti ndogo, ndiyo maana wanabeba magonjwa ya kutisha na hata kupiga chafya hawapigi. Sisi tunapiga kelele mpaka tunachoma nyumba yetu wenyewe."

Nilimwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa mwalimu yeyote. Nasema hivyo ili isionekane nimekuja kumtukana tu.

Ulimi wake lakini ulikuwa wembe. Mwanafunzi aliyeshindwa mtihani, Mwalimu alimwambia mbele ya mama yake, "Huyu ni gofu, Mungu ameacha kuta kwa ukumbusho." Mke wake alimvumilia miaka tisa. Siku anaondoka alisimama barazani na mzigo wake, akasema kwa sauti ili tusikie sote, "Popo anawajua mmoja mmoja kwa masikio. Miye nimekata nywele wiki ya pili hii, hajaona!" Mwalimu alitoka na kikombe chake, akamtazama, akasema, "Kweli umekata," akarudi ndani.

Watu wa delta, kule mto unakoingia baharini, ndio waliomuweza. Tukivuka kwenda Mbuchi, wakata boriti walimsubiri asubuhi pale pa kupandia mtumbwi, wamekaa juu ya mizigo yao ya mikoko.

"Mwalimu! Leo unakwenda kumposa popo gani?"

"Yule aliyemkataa baba yako."

"Na mahari?"

"Nitampa akili zako. Hazijatumika, ni mpya."

Walicheka mpaka mtumbwi ukayumba, na yeye alicheka nao, mdomo wazi, meno mawili hana. Sikumwona akicheka hivyo na mtu aliyesoma.

Kwa wanyama alikuwa mtu mwingine kabisa. Kumtoa panya damu alikuwa na mikono laini kama ya mkunga, na kila anayekufa mikononi mwake alimwomba radhi, si kwa mzaha. Tulipata siku moja sange jike mtegoni, tukamleta Mchukwi pamoja na wengine. Jioni Mwalimu akamgeuza akaona ana maziwa. Hakula. Alimfunga kwenye kikapu, akachukua baiskeli, akamrudisha hadi palepale alipomtoa, kilomita sijui ngapi za mchanga, kwa sababu kuna watoto mahali wanangoja. Alirudi magoti yamechubuka. Mimi wakati huo nilikuwa na Shabani mgongoni, anachemka homa, na nilikuwa nimemwomba ruhusa niondoke mapema. Alikuwa amekataa.

Hapo nafika kwa Shabani.

Alizaliwa mzuri, mwenye nguvu. Alipoanza kukaa ndipo yalipoanza: homa, tezi, kikohozi, kidonda kisichofunga. Anapona, wiki chache, anarudi palepale. Kwetu mtoto akisumbuliwa hivyo jina linakuwa halikumkubali. Mama mkwe alimbadilisha jina akamwita Tabu, ili kinachomfuata kikija kumuulizia Shabani kiambiwe hayupo. Akaugua tena, akaitwa Siwatu, na mwishoni jina la nne ambalo hata mtaa haukulizoea. Na jina likibadilishwa hubadilishwa kweli. Kadi ya kliniki yenye jina la zamani tuliichoma jikoni, tukaenda kuandikisha upya, kituo kingine, kama mtoto mwingine. Lisibaki hata kwenye karatasi.

Basi kila daktari aliyemwona aliona mtoto ambaye hajawahi kuugua. Alimtibu kikohozi kimoja, homa moja, akatuambia tumshukuru Mungu. Mara tisa mwanangu alipelekwa hospitali, na kwenye maandishi walikuwa watoto wanne, kila mmoja ameugua kidogo tu. Hakuna daktari wa kulaumiwa. Sisi tuliwaficha mgonjwa wao.

Mtaa mzima uliniita Mama Tabu, kisha Mama Siwatu. Mwalimu peke yake aliendelea kuniita Mama Shabani. Mama mkwe alimfuata uwanjani.

"Mwalimu, wewe ni mtu mzima. Unamwita mtoto ugonjwa!"

"Bibi, nimemwita jina lake. Ugonjwa unamjua hata mkimwita Jiwe."

Kazi yake yote ndiyo ilikuwa hiyo: kukuta jeni moja kwa ng'ombe ina jina hili, kwa popo jina lile, na kusema hapana, hawa ni ndugu, ni yuleyule. Daftari lake lilikuwa na ukurasa wa Shabani. Nililiona kwa macho yangu nikitafuta kalamu. Magonjwa yote tisa, siku na mwezi, mstari mmoja chini ya mwingine, na juu jina moja tu. Nilidhani ni huruma. Nilikifunga kile kitabu nikalia kidogo kwa kushukuru kwamba kuna mtu anamkumbuka mwanangu kwa mpangilio.

Shabani alikufa hajatimiza miaka mitano. Mwalimu alikuja msibani, akavua viatu, akakaa mkekani kati ya wanaume. Dua ilipokwisha alimgeukia mume wangu.

"Safari hii homa ilianza siku ya ngapi kabla ya kifo?"

"Mwalimu," kaka yangu akamwambia, "hapa tupo msibani."

"Najua tuko wapi. Nauliza siku."

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpole. Alimjibu, "Ya sita." Mwalimu akatoa daftari akaandika, akala wali wake wote, akaondoka.

Nilirudi kazini baada ya arobaini. Mtu atauliza kwa nini. Nilikuwa naupenda ukuta ule wa jikoni. Nikiwa pale nilikuwa mtu anayefikiri, si mama aliyefiwa.

Mwaka uliofuata nikashika mimba ya Hamisi. Mwalimu aliliona tumbo kabla ya mama mkwe. Nilikuwa nainua debe la maji akalipokea, jambo ambalo hakulifanya kabla wala baada. "Unakwenda mwezi wa ngapi?" akauliza. Nikamwambia wa nne. Akasema, "Vizuri," akanipa ndizi.

Hamisi alikwenda njia ileile ya kaka yake. Tezi, kikohozi, kidonda. Safari hii majina yalikuwa matatu tu, maana alikufa mapema zaidi, ana miaka mitatu. Siku ya tatu baada ya mazishi Mwalimu aliniita jikoni. Nilikuwa na mimba tena, ya Mwanaidi, miezi saba. Aliufuta ukuta wote, akachora duara moja.

"Wanao hawakurogwa," akasema. "Kila mtu ana nakala mbili za jeni, moja ya mama, moja ya baba. Wewe unayo moja mbovu. Haikusumbui, kwa sababu ya pili inafanya kazi. Mumeo naye anayo moja mbovu, hiyohiyo. Ni nani kwako, mumeo?"

"Mtoto wa shangazi yangu. Unajua."

"Basi mmeirithi kwa bibi mmoja. Mtoto akipata ile yako mbovu na ile yake mbovu, hana kitu. Vijidudu vinaingia, mbiu haipigwi. Kuna jeni ambazo zikiharibika ndugu zao hushika zamu. Hii haina ndugu. Kakakuona alipoteza wake akaishi, wanao hawakuweza." Akaipangusa mikono mkaa. "Huyo wa tumboni, mara moja katika nne atakuwa kama wao. Akisalimika, huenda naye ameibeba moja. Asiolewe na ndugu."

Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema bila kupima hakuna mwenye hakika, na pa kupimia hapa hapakuwapo, lakini yeye angeweka shingo yake. Nilikwenda nyumbani nikajifungua Mwanaidi. Sikumbadilisha jina hata alipopata mafua. Nilikaa juu ya pumzi zake miaka mitano. Akakua. Hakuugua kama kaka zake.

Mume wangu sikumwambia mpaka amekufa. Ningemwambia nini? Kwamba tuliwaua kwa kupendana? Kwetu mtoto wa mjomba ndiye wa kwanza kufikiriwa, mashamba ya mpunga yasitoke nje, watu wajuane tabia. Mama yangu aliolewa hivyo. Na kaka yangu alipokuja kumposea Rajabu, binti yangu akafunika uso kwa kanga akicheka, kumbe walikuwa wakiandikiana kwenye simu mwaka mzima. Nikasema nimekubali. Niliyasema maneno hayo nikiwa na akili zangu timamu.

Nilijiambia Mwalimu ni mtu wa maneno makali, huenda alikosea. Nilijiambia nitamuuliza kwanza. Posa ikapita, mahari ikapita, sare za vitenge zikachaguliwa, nami bado najiambia nitamuuliza kwanza.

Mwalimu alikuwa amepooza upande wa kushoto tangu mfungo wa Ramadhani. Hakuwa na mtu. Nilimpelekea uji kila asubuhi, nikamgeuza, nikamfulia. Akili yake ilikuwa nzima na ulimi, ingawa mzito, ulibaki uleule. Siku ya kwanza nilipomsafisha alisema, "Ulisugua vizimba vizuri zaidi."

Wiki mbili kabla ya harusi nikaenda na Mwanaidi. Yeye alibeba kibuyu cha uji, nikamwacha jikoni aupoze, nikaingia chumbani peke yangu. Nilikuwa nimeamua kumuuliza kama hatari bado ipo, nikiomba aseme haipo. Lakini nilipokaa ukingoni mwa kitanda lilitoka swali jingine.

"Mwalimu, ulijua lini?"

Hakuuliza ninasema nini. "Shabani alipougua mara ya tano."

"Hamisi nilikuwa sijambeba."

"Ulikuwa hujambeba."

"Ukaniona nabeba. Ukanipa ndizi."

"Nilikupa ndizi."

"Mbona hukuniambia?"

Mate yalimtoka upande uliokufa, nikampangusa, ndivyo mikono yangu ilivyozoea.

"Mtoto mmoja si kitu, Mama Shabani. Mmoja anaweza kuwa bahati mbaya. Nilihitaji wa pili." Akameza. "Hamisi alipopata ile homa nilifurahi. Nilikaa jikoni nikafurahi kwa kuwa nilikuwa sijakosea. Nakuambia kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Sikumwandikia hata mtafiti mmoja. Niliona aibu baadaye."

"Baadaye lini?"

"Ulipojifungua huyu, nikakuona unalala ukiwa umekaa."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia alikuwa mnyama, na akanijibu kwamba wanyama amewashika maelfu na hakuna mmoja aliyefanya hivyo. Nilimwambia angesema neno moja tu, mwanangu mmoja asingezaliwa kuja kuteseka. Nilikuwa nimesimama. Nadhani nilikuwa napiga kelele.

Mwanaidi alikuwa mlangoni na bakuli. Sijui tangu lini. Mvuke ulikuwa ukimpanda usoni.

"Mama," akasema, "kwa hiyo kaka zangu walikufa kwa sababu wewe na baba ni ndugu?"

Mwalimu ndiye aliyejibu. "Ndiyo. Na wewe na Rajabu ni ndugu. Nendeni Dar mkapimwe damu wote wawili, sasa pa kupimia papo. Mkikutwa nayo wote, msizae. Akikutwa mmoja tu, zaeni mpendavyo." Alisema kama anasoma ratiba ya vipindi.

Mwanaidi hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Na wewe, mama, ulijua lini?"

Ningeweza kusema nimejua sasa hivi tu. Mwalimu asingenisaliti, au angenisaliti, sijui.

"Kabla hujazaliwa," nikasema.

"Kadi zimeshakwenda kwa watu, mama."

"Zimekwenda."

"Ulikuwa unangoja nini?"

Mwalimu naye alingoja. Yeye walau alikuwa anataka kujua kitu. Mwanaidi aliliweka bakuli juu ya stuli, taratibu, lisimwagike, akatoka. Nilisikia akiita bodaboda barabarani, akimwambia dereva Dimani, kwa mjomba.

Niliinuka nimfuate, nikafika mlangoni. Kisha nikarudi. Mwalimu alikuwa amefumbua mdomo, alikuwa hajala tangu jana, na uji ulikuwa bado wa moto. Nikauchota kwa kijiko, nikaupuliza, nikamlisha mpaka ukaisha.